Mji ukitaka kupanua mabwawa ya majitaka mpakani mwenu, halmashauri jirani ijibu nini?

#1 Mkondo wa Rau
Wakuu, salaam.

Moshi ni mteremko. Mji unaanzia mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari na kushuka hadi 700 hivi, na majitaka yanafuata mvuto wa ardhi. Ndiyo maana mabwawa yako chini, upande wa Mabogini, mji unakopakana na mashamba ya mpunga na halmashauri nyingine. Arusha ni vilevile, ila wao wanateremka kutoka Mlima Meru. Kwa hiyo kila mji wa huku ukikua, anayeguswa na upanuzi wa mabwawa ni jirani aliye chini, ambaye mara nyingi hana hata choo kimoja kilichounganishwa kwenye mtandao wa mabomba ya majitaka.

Siongelei mradi wowote uliotangazwa. Nauliza kabla haujaja, kwa sababu ukija watu watakuwa na siku chache za kujibu. Na jibu la kawaida la jirani ni neno moja: hatutaki. Dai langu ni kwamba neno hilo linamponza. Mabwawa ya zamani yatabaki palepale, yatazidi kuelemewa, na harufu aliyoikimbia itaongezeka. Jirani akubali upanuzi, lakini kwa masharti yanayopimika.

Wenye utaalamu: masharti gani? Na harufu hasa inatoka wapi?

#2 Fundi Chemba
Mleta uzi umelenga penyewe. Niweke msingi ili tuongee lugha moja.

Mfumo wetu una mabwawa ya aina tatu. Bwawa la kwanza lina kina cha mita 3 hadi 5. Halina oksijeni, tope linatua, vijidudu vinakula uchafu na gesi inatoka. Bwawa la kati lina kina cha mita 1.5 hivi, mwani unastawi juu na kutoa oksijeni. Mabwawa ya mwisho yana mita 1 hadi 1.5, kazi yake kuua vimelea kwa jua na kwa muda.

Bwawa la kwanza linaposaniwa kuna kipimo kimoja kikubwa: gramu za BOD (oksijeni ambayo vijidudu wanahitaji kula uchafu, yaani kipimo cha ukali wa majitaka) kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Kinategemea joto la mwezi wa baridi kuliko yote. Julai ya Moshi tuseme nyuzi 20. Kanuni inaruhusu gramu 300. Ukivuka 400 tegemea harufu ya mayai viza.

Mfano. Majitaka mita za ujazo 4,000 kwa siku, BOD miligramu 400 kwa lita. Mzigo ni kilo 1,600 kwa siku. Gawa kwa gramu 300 unapata bwawa la mita za ujazo 5,333, maji yanakaa humo siku moja na theluthi. Kwa joto hilo bwawa linaondoa asilimia 60, zinabaki kilo 640. Bwawa la kati kwa nyuzi 20 linabeba kilo 253 kwa hekta kwa siku, kwa hiyo unahitaji hekta 2.5.

Sasa mji uongeze nyumba, mzigo ufike kilo 2,400 kwenye bwawa lilelile. Unapata gramu 450. Harufu hiyo haina dawa nyingine zaidi ya ujazo mpya. Upanuzi ndiyo nafuu ya jirani.

#3 Kidaraja
Fundi, mahesabu mazuri, ila umesahau magari ya kunyonya vyoo. Nyumba nyingi za Moshi hazijaunganishwa, zina mashimo na karo. Magari yanakwenda kumwaga wapi? Kwenye mabwawa hayohayo, na mara nyingi moja kwa moja bwawa la kwanza.

Chukua magari 40 kwa siku, kila moja mita za ujazo 8. Ni mita 320, na BOD yake tuseme miligramu 3,000 kwa lita. Hizo ni kilo 9,600 kwa siku! Mara sita ya majitaka ya mabomba. Panua utakavyo, magari yatalijaza. Jirani adai magari yapigwe marufuku.

#4 Kalamu ya Bonde
#3, sifuri moja imekuponyoka. Mita 320 zikizidishwa kwa kilo 3 kwa kila mita ni kilo 960. Si 9,600.

Hata hivyo hoja yako bado ina nguvu. Magari hayo ni chini ya asilimia 8 ya maji yote, lakini ni zaidi ya theluthi ya mzigo. Jumlisha na 1,600 za Fundi unapata 2,560, gawa kwa bwawa la 5,333: gramu 480. Kwa hiyo bwawa lililosaniwa sawasawa kwa mabomba linanuka kwa sababu ya magari peke yake, bila nyumba hata moja mpya kuunganishwa.

Kuyapiga marufuku sikuafiki. Yakikosa pa kumwaga yatamwaga mtaroni usiku, na mitaro ya Moshi inaishia mito ya Rau na Karanga. Sharti liwe kituo chake cha kupokelea: chujio la nondo, mtego wa mchanga, bwawa dogo la kutuliza tope, na vitanda vya kukaushia. Maji yaliyotulia tu ndiyo yaingie mfumo mkubwa.

#5 Mama Majaruba
Asanteni wote. Mnaongea harufu, mimi nauliza maji yanakwenda kwa nani.

Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa msaada wa Japani, ikitegemea Rau na Njoro, na maji hayajawahi kutosha majaruba (vipande vya shamba la mpunga) yote tangu watu wa juu waanze kulima mpunga nao. Mkulima wa chini akiona mfereji wa maji ya kijani yanayotoka bwawa la mwisho, haoni uchafu. Anaona msimu wa pili.

Kwa hiyo jibu la halmashauri jirani likiwa "pelekeni mbali", wapo wakulima watakaosimama kuipinga halmashauri yao wenyewe. Sharti la kwanza kwangu: maji yaliyosafishwa yagawiwe kwa maandishi, nani anapata, siku zipi, lita ngapi kwa sekunde.

Na wakulima waambiwe ukweli wa mbolea. Maji hayo yakiwa na nitrojeni miligramu 30 kwa lita, na jaruba la hekta moja likanywa mita za ujazo 10,000 kwa msimu, umeingiza kilo 300 za nitrojeni. Mpunga unataka 80 hadi 120. Ukiongeza na urea kama kawaida, unapata majani marefu ya kijani kibichi, shina laini, mpunga unalala kabla ya kuvunwa. Watu husema maji yana sumu, kumbe ni shibe. Urea iachwe kabisa, na maji ya mabwawa yachanganywe na ya mfereji, moja kwa mbili.

#6 Fundi Chemba
Kalamu, nakubali hesabu yako. Lakini kuna kitu cha tatu ambacho hakionekani kwa macho: tope la chini.

Kadirio linalotumika ni mita za ujazo 0.04 kwa mtu kwa mwaka. Mji wa mfano wetu una watu kama 50,000 kwenye mtandao. Hiyo ni mita 2,000 za tope kila mwaka. Kanuni inasema safisha bwawa la kwanza tope likifika theluthi moja. Theluthi ya 5,333 ni 1,778. Kwa maana nyingine, hata mwaka hauishi.

Bwawa likiachwa miaka minne, mitano? Tope linafika juu, maji yanachonga njia nyembamba katikati, yanaingia na kutoka kwa saa chache. Hata lile lililofika theluthi tu limebaki na ujazo wa 3,555, na mzigo uleule wa kilo 1,600 sasa ni gramu 450. Harufu tayari, bila magari wala nyumba mpya.

Dalili yake utaiona bila mashine. Simama ukingoni mchana: mapovu yakitoka kila mahali sawasawa bwawa linafanya kazi. Yakitoka karibu na bomba la kuingilia tu, na kwingine kuna visiwa vya tope vyenye nyasi zimeota juu, hilo si bwawa tena.

#7 Kidaraja
Sifuri nimeikubali, Kalamu, ahsante. Ila sasa tuna majibu matatu: mzigo wa mabomba gramu 450, magari 480, tope 450. Yote yanavuka 400. Jirani atajuaje ni lipi?

#8 Tambarare
Na mimi naongeza la nne. Upepo.

Pale chini ya Kilimanjaro mchana upepo hupanda kutoka tambarare kwenda mlimani, usiku hewa ya baridi huteremka kutoka mlimani kwenda tambarare. Mchana harufu inakwenda mjini ikiwa imechanganyika na hewa nyingi. Usiku inateremka taratibu, imebana chini kama maji kwenye mfereji, na inalala juu ya nyumba za jirani. Bwawa lilelile, mzigo uleule, malalamiko ya upande mmoja tu.

Sasa ripoti nyingi za tathmini zinaweka mchoro wa upepo wa wastani wa mwaka, tena wa vipimo vya mchana. Utakuta zimeandika jirani hayuko upande wa upepo, wakati kila saa kumi ya alfajiri yumo ndani yake. Sharti: vipimo vya upepo vya saa 24, vikiwekwa pale pale kwenye eneo la mabwawa, misimu miwili, kiangazi na masika.

#9 Fundi Chemba
Tambarare, upepo hauzalishi harufu. Unaihamisha tu. Bwawa lisilonuka, upepo utabeba nini?

#10 Tambarare
Kweli. Lakini bwawa la kwanza hata likiwa zima linatoa kiasi. Ndiyo sababu wasanifu wanasema mabwawa yawe angalau mita 200 kutoka kwenye makazi, na ikiwezekana 500. Mita 500 za mchana na mita 500 za alfajiri ya Julai haziko sawa.

#11 Chupa ya Sampuli
Nimefuata kimyakimya, sasa niseme la vipimo kwa sababu hapo ndipo majirani wanapopigwa chenga.

Bwawa la kati linabadilika saa hadi saa. Saa nane mchana mwani umefanya kazi: oksijeni imejaa kupita kiasi, pH (kipimo cha asidi na alkali) inaweza kupita 9, bakteria wengi wa kinyesi wanakufa. Alfajiri kabla ya jua, oksijeni inaweza kukaribia sifuri. Ukipeleka chupa saa nane utapata bwawa bora. Ukipeleka saa kumi na mbili asubuhi utapata bwawa lingine. Masharti yaseme wazi: sampuli za saa 24, kila saa moja, zichanganywe kulingana na mtiririko. Oksijeni na pH zipimwe papo hapo ukingoni, alfajiri na mchana, maana havisubiri kufika maabara.

Rangi nayo inasema. Kijani kizito: zima. Kijivu kwenda nyeusi: limeelemewa. Waridi au zambarau: watu huogopa rangi hiyo wakidhani ni kemikali ya kiwanda, kumbe ni bakteria wanaokula salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Wamekuja kwa sababu mzigo umezidi, ila wenyewe wanapunguza harufu. Usiruhusu mtu awatie dawa.

Na jibu la tano kwa swali la Kidaraja: salfeti, chumvi yenye salfa. Majitaka ghafi yakipita miligramu 500 za salfeti kwa lita, bwawa la kwanza litanuka hata likiwa kubwa, kwa sababu bakteria wanaigeuza salfaidi. Viwanda vya ngozi ni chanzo kinachojulikana. Na chromu yao inaua vijidudu wa bwawa. Kabla ya kulaumu ukubwa, tope au magari, pima salfeti kwenye chemba ya mwisho kabla ya mabwawa, siku saba mfululizo, ikiwemo Jumapili viwanda vinapolala. Tofauti ya Jumapili na Jumatano itakuonyesha.

#12 Kalamu ya Bonde
Chupa, hiyo ya Jumapili ni nzuri sana, naibeba.

Swali moja la viwango. Kanuni za 2007 chini ya Sheria ya Mazingira zinataka maji yanayotoka yawe na BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita, COD (kipimo cha uchafu wote unaooksidishwa kwa kemikali) 60, na chembe zinazoelea majini 100. Mabwawa yanaweza?

#13 Chupa ya Sampuli
30 bila kuchuja ni ngumu kwa mabwawa matupu, kwa sababu mwani wenyewe unahesabika kama BOD na kama chembe zinazoelea. Bwawa zima la mwisho lina mwani mwingi. Baadhi ya nchi hupima baada ya kuchuja mwani. Kwa hiyo ripoti ikisema "BOD 25" uliza mara moja: imechujwa au haijachujwa? Mtu anaweza kuandika namba ya kweli na bado akakupoteza.

Njia ya kufika huko ni kuongeza hatua baada ya bwawa la mwisho: kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, maji yapite chini ya kokoto, mwani unakwama. Kokoto ziwe ngumu za milimita 10 hadi 20. Mchanga au vumbi la mashine likichanganyika humo, kitanda kinaziba mapema na maji yanaanza kupita juu.

#14 Njiro Kati
Niongeze la huku Arusha. Mabwawa ya zamani ya Lemara yalifikiwa na mji, mapya yakajengwa Terrat kwenye ule mradi wa shilingi bilioni 520 uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Somo kwa Moshi: mabwawa huwa hayahamii kwa watu, watu ndio wanahamia kwa mabwawa. Viwanja vinapimwa hadi kwenye uzio. Halmashauri jirani inayodai mita 500 leo, kisha ikagawa viwanja mita 100 miaka kumi baadaye, imejitia kitanzi yenyewe. Masharti yafunge pande zote mbili: mji usijenge bwawa ndani ya mita 500, na jirani asipime kiwanja humo. Eneo lipangwe kwenye ramani kuwa la miti na malisho.

Msisahau pia joto. Kanuni ya Fundi ni ya nyuzi 20. Arusha mwezi wa baridi ukichukua 17, bwawa la kwanza linaruhusiwa gramu 240 tu na la kati kilo 199 kwa hekta kwa siku. Mchoro wa Moshi ukiletwa Arusha bila kubadilisha kitu, umeanza umeelemewa siku ya uzinduzi.

Na moja la pembeni: floridi. Maji ya huku yana floridi, mabwawa hayaiondoi hata kidogo. Inaingia, inatoka, inakwenda mto Themi, inashuka mto Kikuletwa.

#15 Mama Majaruba
Na Kikuletwa inakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, na Rau pia maji yake mwisho ni huko. Kwa hiyo majirani si wa mpakani tu. Wavuvi wa perege wa kule bwawani nao wana neno.

#16 Msoma Vifungu
Habari za mchana. Naona masharti yanarundikana, lakini hamjasema yanapelekwa mlango upi. Masharti yasiyo na mlango ni barua tu.

Kuna milango mitatu. Wa kwanza ni Tathmini ya Athari kwa Mazingira chini ya Sheria Na. 20 ya 2004, inayosimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira. Halmashauri jirani ni mdau, ijibu kwa maandishi, iombe maoni yake yaambatishwe kwenye ripoti na masharti yaingie kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira. Yakiingia humo yanakaguliwa. Yakibaki kwenye muhtasari wa mkutano wa hadhara, hayakaguliwi na mtu.

Wa pili wengi wanausahau: kibali cha kutiririsha majitaka mtoni. Hiki kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, chini ya Sheria Na. 11 ya 2009, na ofisi iko hapahapa Moshi. Hapa ndipo pa kuomba sampuli za saa 24 anazosema Chupa ziandikwe kama sharti la kibali.

Wa tatu ni ardhi. Kama mabwawa mapya yanaingia kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaigusa: mkutano mkuu wa kijiji una sauti, eneo likipita hekta 250 linakwenda kwa Waziri. Fidia ilipwe kabla ya tingatinga, na mazao yahesabiwe yakiwa shambani.

Halafu ule ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, kifungu cha 57 cha sheria ya mazingira. Ramani ya upanuzi ikija, chukua rula kwanza, mengine baadaye.

#17 Kidaraja
Msoma Vifungu, EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji, je? Si ndio wanaosimamia mamlaka za maji?

#18 Msoma Vifungu
Wanasimamia huduma, bei na utendaji. Mlango mzuri wa hoja moja: bajeti ya kuondoa tope. Fundi amesema mwaka hauishi kabla bwawa halijafika theluthi. Kama mpango wa biashara wa mamlaka hauna fungu la kuondoa tope kila mwaka, upanuzi utanuka ukiwa mpya. Jirani aombe kuliona fungu hilo kabla ya kusaini chochote.

#19 Mkondo wa Rau
Nashukuru sana. Nimejaribu kuandika rasimu ya barua ya halmashauri jirani kutokana na mliyosema. Ikosoeni.

"Hatupingi upanuzi. Tunaomba bwawa la kwanza lisaniwe kwa mzigo wa mabomba na magari kwa pamoja, usiozidi gramu 300 kwa mita ya ujazo kwa siku, tope likiwa limejaa theluthi. Yawe mabwawa mawili ya kwanza sambamba, ili moja likisafishwa jingine lifanye kazi. Magari yawe na kituo chake. Bomba la kuingilia lizamishwe chini ya maji, lisimwage kwa kishindo. Vipimo vya upepo vya usiku viambatishwe. Visima vitatu vya uchunguzi vichimbwe, kimoja juu ya mabwawa na viwili chini. Maji yanayotoka yagawiwe kwa mkataba. Matokeo ya sampuli yabandikwe ofisi ya kata kila mwezi."

#20 Fundi Chemba
Hiyo ya kishindo imeniridhisha, wengi hawaijui. Majitaka yakidondoka nusu mita tu, gesi iliyoyeyuka inaruka hewani. Kiwiko kimoja cha bomba kinachozama kinaweza kupunguza malalamiko kuliko mashine ya mamilioni.

Ongeza mawili. Kwanza, kurudisha maji ya bwawa la kati kwenye mlango wa bwawa la kwanza, sehemu 1 kwa 6. Maji yale yana oksijeni na pH ya juu, yanazima salfaidi. Pampu ndogo inatosha, lakini iwekewe ya akiba, maana ikiungua hairudi kwa haraka.

Pili, na hili ndilo linaloharibu uhusiano na majirani: uzinduzi. Mabwawa mapya yakianza kwa kujaza la kwanza, mtanuka miezi. Yaanze ya kati na ya mwisho kujazwa maji ya mto au kisima, yakae siku 10 hadi 20 mwani uote. Bwawa la kwanza lifuate, litiwe tope la mbegu kutoka karo zinazofanya kazi, majitaka yaongezwe polepole, pH ilindwe isishuke chini ya 7, ikishuka chokaa. Ratiba hiyo iwe kiambatisho cha barua. Mkandarasi akitaka kukabidhi kazi haraka, ataruka hatua hii kwanza.

#21 Mama Majaruba
Mkondo, barua haina neno la minyoo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka yai lisizidi moja kwa lita kwenye maji ya umwagiliaji, na 0.1 pale watoto wanapokanyaga shambani. Majarubani watoto wapo. Mayai hayauawi na mwani, yanatua tu, kwa hiyo maji yanahitaji siku zisizopungua 8 hadi 10 ndani ya mfumo mzima. Masika maji ya mvua yakiingia kwenye chemba zisizo na vifuniko, mtiririko unaweza kuwa mara mbili au tatu, na siku 10 zinakuwa 4. Hapo mayai yanakuja shambani.

Na mbu. Mabwawa yakiongezwa, malaria itaongezeka.

#22 Chupa ya Sampuli
Mama, la minyoo nakuunga mkono kwa mikono miwili, la malaria hapana. Mbu wanaopenda majitaka ni Culex, wale wa usiku wanaolia masikioni, wanaoeneza matende. Anofelesi wa malaria wanapenda maji safi yenye jua, na kwa hapa hayo yako kwenye majaruba yenyewe. Culex wanazaliana ukingoni penye majani, katikati penye mawimbi hawawezi. Ukingo ukisakafiwa kwa zege au mawe kuanzia sentimita 30 chini ya usawa wa maji hadi 30 juu, na majani yakakatwa, umewamaliza wengi. Hilo nalo ni sharti la barua, na ni rahisi. Majani hayohayo ndiyo makazi ya konokono wa kichocho.

#23 Kalamu ya Bonde
Mimi nina shaka na "gramu 300 tope likiwa theluthi". Mkiandika hivyo bwawa linakuwa mita 8,000 kwa mzigo wa mabomba peke yake, na 12,800 ukiweka magari. Ni zaidi ya mara mbili. Mji utasema hauna fedha, na mradi utakwama, tunarudi kwenye mabwawa ya zamani. Afadhali kubaki na 5,333 mbili sambamba, tope liondolewe kila mwaka, magari yatolewe.

#24 Fundi Chemba
Ukitegemea tope kuondolewa kila mwaka umemtegemea mtu. Ukijenga ujazo umetegemea udongo. Mimi nachagua udongo.

#25 Kalamu ya Bonde
Na ardhi ya huo ujazo utaipata kwa nani? Kwa yuleyule jirani.

#26 Msoma Vifungu
Udongo wenyewe upimwe kwanza. Maji yakipenya kwa kasi inayozidi 10⁻⁶ ya mita kwa sekunde, bwawa halijai, linanywesha visima vya watu. Kasi ikiwa chini ya 10⁻⁸ bwawa linajiziba lenyewe. Katikati ya hapo kuna ubishi, na fundi wa kila upande atakuja na namba yake. Jirani aombe mashimo ya majaribio yachimbwe mbele ya mtu wake. Kama ni turubai la plastiki, liwe milimita 1.5 na maungio yajaribiwe kwa hewa kabla maji hayajaingia.

#27 Tambarare
Wakati ubishi unaendelea, kuna kazi inayoweza kuanza leo bila kibali cha mtu. Daftari la harufu. Nyumba kumi kuzunguka eneo, kila moja ukurasa wenye safu tano: tarehe, saa, upepo unatoka wapi (kitambaa juu ya mti kinatosha), nguvu ya harufu kutoka 0 hadi 5, na harufu ya nini: mayai viza, choo au tope bichi. Mayai viza ni salfaidi, rudini kwa Chupa. Choo bichi alfajiri na jioni ni magari, rudini kwa Kidaraja. Ikinuka usiku tu mwezi mzima, rudini kwangu.

Ianze kabla ya upanuzi kutangazwa. Daftari lililoanza baada ya tangazo litaitwa la wapinzani.

#28 Kidaraja
Hilo naliafiki. Ila ongeza safu ya sita, mvua ya siku ile, maana masika chemba zikipokea maji ya mapaa hata harufu hubadilika.

#29 Mama Majaruba
Na safu ya saba, kama mfereji wa kutoka ulikuwa unatiririka. Siku ukikauka ghafla, mtu amefungua njia usiku kwenda kwenye jaruba lake.